Madrasa imetufundisha majibu. Kuuliza tutafundishwa na nani?

Kalamu ya Mwanzi (mleta uzi)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, wanajamvi.

Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, leo nalileta tulijadili kwa adabu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi aurudie baadaye.

Mtoto wa Kiislamu anaingia madrasa angali mdogo. Anaanza na alifu na bee, anapanda hadi Juzuu Amma, anahifadhi dua, anajua nguzo za swala, sharti za udhu na yanayobatilisha funga. Ukimwambia ayataje, anayataja moja baada ya jingine bila kukwama. Allah awalipe kheri walimu wetu kwa kazi hiyo, maana bila wao wengi wetu tusingejua hata kusimama kibla.

Kisha mtoto anakua. Mchana wa Ramadhani rafiki yake mwenye kisukari anamuuliza: sindano ya insulini inafunguza? Kifaa cha kupimia sukari kilichobandikwa mkononi je? Hapo orodha aliyohifadhi inamwishia, kwa sababu haina sindano wala kifaa. Anatoa simu, anaandika swali, na jibu la kwanza linalotokea ndilo dini yake kuanzia siku hiyo. Aliyejibu ni nani, amesoma wapi, amemjibu nani na katika hali gani, hayo hayamjii akilini, kwani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni mambo ya kuuliza.

Maswali ya leo si mageni kwa dini hii kiasi hicho. Tatizo naliona kwenye ufundishaji: tumefundishwa hukumu zikiwa zimekatwa na sababu zake, na tukazoeshwa kwamba anayesema "kwa nini, ustadh?" ana utovu wa adabu. Matokeo yake ni Waislamu wanaojua majibu mengi na hawajui jibu linapatikanaje.

Nitaleta kisa kimoja ambacho kwangu kinabeba jambo lote. Amekipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.). Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Usingizini akaota, akaamka na janaba (hali inayowajibisha kuoga mwili mzima). Akawauliza wenzake: mnaona nina ruhusa ya kutayamamu (kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji)? Wakamjibu: hatuoni kama una ruhusa, na maji unayaweza. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari akasema: "Wamemuua, Allah awaue! Mbona hawakuuliza walipokuwa hawajui? Hakika ponyo la asiyejua ni kuuliza." (Wanazuoni wa hadithi wameijadili sana sehemu ya mwisho ya riwaya hiyo, inayohusu kufunga kitambaa na kupangusa juu yake. Kisa chenyewe kimekuja pia kwa njia ya Ibn Abbas.)

Kaeni na kisa hiki kidogo. Waliomjibu yule mwenzao hawakusema kwa matamanio ya nafsi. Walikuwa na aya. Aya ya tayamamu inasema "na msipate maji", na maji yalikuwepo. Ukiwapa mtihani wa darasani, wangepata alama zote. Lakini aya hiyohiyo, kabla haijafika kwenye kukosa maji, imeanza na "na mkiwa wagonjwa". Walishika sharti moja wakaliacha jingine, na mbele yao alikuwa mtu mwenye kichwa kilichopasuka.

Sasa wekeni kando yake kisa cha Amr ibn al-As (r.a.) katika msafara wa Dhat as-Salasil, nacho kimo kwa Abu Daud. Usiku ulikuwa wa baridi kali, akaamka na janaba, akahofia kwamba akioga atakufa. Akatayamamu, akawaswalisha wenzake. Mtume (s.a.w.) alipomuuliza, Amr akajibu kwa aya: "Wala msijiue. Hakika Mwenyezi Mungu ni mwenye kukuhurumieni." Aya hiyo iko Sura An-Nisaa, na ukiisoma haisemi neno lolote kuhusu maji wala janaba. Mtume akacheka, wala hakumkemea.

Maji yalikuwepo kote kuwili, hofu ilikuwa moja. Amr aliielewa dini kiasi cha kujua kwamba aya inayokataza kujiua inamhusu pia mtu anayetaka kuoga usiku wa baridi ya kuua. Uwezo huo ndio nauona unakosekana madrasa, na hauhitaji mtu awe mujtahidi (mwanachuoni wa kutoa hukumu mwenyewe kutoka kwenye dalili). Unahitaji mtoto azoeshwe tangu mapema kuuliza: hukumu hii imewekwa kwa ajili ya nini, na hali niliyo nayo ni ileile au ni nyingine?

Atakayesema Masahaba hawakukutana na mambo ya ajabu kama yetu, amkumbuke an-Nawwas ibn Sam'an. Katika Sahih Muslim anasimulia Mtume alipomtaja Dajjali na siku zake arobaini: siku moja kama mwaka, siku kama mwezi, siku kama wiki, na zilizobaki kama siku zetu. Mtu mwingine angebaki na hofu ya Dajjali tu. Masahaba wakauliza: siku hiyo iliyo kama mwaka, swala ya siku moja itatutosha? Akasema: hapana, ikadirieni kwa kiasi chake.

Jibu hilo moja ndilo wanazuoni wamelijengea hukumu ya nchi za kaskazini ya mbali ambako kuna majira jua halizami. Mwaka 2007, Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor alipopelekwa kituo cha anga cha kimataifa mwishoni mwa Ramadhani, chombo chake kilikuwa kinaizunguka dunia kwa takriban dakika 90, yaani kuchomoza kwa jua mara kumi na sita hivi ndani ya saa 24. Baraza la fatwa la nchi yake lilimwandalia mwongozo: swala tano kwa saa 24, kwa kufuata saa za mahali aliporushwa. Hawakuhitaji aya mpya. Walihitaji mtu aliyeelewa kwamba swali la Masahaba lilihusu swala kukadiriwa pale alama za kawaida za jua zinapokosekana.

Ninachopendekeza ni hiki: zile kaida kuu tano za fiqhi (mambo ni kwa makusudio yake, yakini haiondolewi na shaka, uzito huleta wepesi, madhara huondolewa, na desturi huhukumu) zifundishwe madrasa kwa wanafunzi wakubwa, kwa mifano, kabla hawajatuaga. Na mwalimu akubali kuulizwa. Karibuni.

Ustadh wa Alasiri

Waalaykum salaam warahmatullah. Mkuu, umeandika vizuri na visa ulivyoleta navijua. Ila mimi nasomesha, naomba nikuletee upande wa anayeshika darasa.

Kwanza, mtoto hajengewi paa kabla ya msingi. Bila kuhifadhi, hizo kaida atazitumia juu ya nini? Amr aliitoa ile aya kwa sababu ilikuwa kifuani mwake.

Pili, maswali si mema yote. Allah amesema katika Al-Maida: "Msiulize mambo ambayo mkidhihirishiwa yatakuchukizeni." Mtume (s.a.w.) amesema waliokuwa kabla yetu waliangamizwa na wingi wa maswali yao na kuhitilafiana na Manabii wao. Na kisa cha ng'ombe katika Al-Baqara kila mtoto anakijua: waliambiwa wachinje ng'ombe, wakauliza umri, wakauliza rangi, wakauliza kazi yake, mwisho wakajikuta hawabakiwi na uchaguzi.

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza. Kijana akijua kaida mbili anaanza kuwapinga mashekhe. "Dini ni nyepesi" imekuwa ufunguo wa kila mlango. Asiyetaka kuamka alfajiri anakwambia uzito huleta wepesi. Ibn Sirin alisema elimu hii ni dini, basi tazameni mnaichukua dini yenu kwa nani. Wewe unataka kila mtu aichukue kichwani mwake?

Kalamu ya Mwanzi

Ustadh, Allah akuhifadhi. Umenipa nilichokuwa nakisubiri.

La kwanza tuko pamoja. Sijasema tupunguze kuhifadhi hata aya moja.

La pili, tutazame waliolaumiwa walikuwa wakiuliza nini. Wana wa Israili walishapewa amri iliyo wazi, maswali yao yakawa njia ya kuichelewesha. Yule mwenye jeraha la kichwa aliuliza ili amwabudu Mola wake sawasawa. Masahaba wa hadithi ya Dajjali waliuliza kwa kuogopa swala isiwapite. Ukitaka dalili kwamba kuuliza ni njia ya kufundishia, hadithi ya Jibril iko wazi: alikuja kwa sura ya mtu mwenye nguo nyeupe mno na nywele nyeusi mno, akakaa magoti yakigusana na ya Mtume, akauliza Uislamu ni nini, Imani ni nini, Ihsani ni nini, Kiyama ni lini. Alipoondoka Mtume akasema: huyo ni Jibril, amekuja kukufundisheni dini yenu. Malaika amefundisha dini yote kwa kuuliza tu. Na alipouliza kuhusu Kiyama, Mtume alijibu kwamba anayeulizwa si mjuzi zaidi ya anayeuliza. Wanafunzi waliokaa pale walijifunza pia jinsi mtu anavyosema sijui.

La tatu ni zito, sitalipuuza. Kweli wapo wanaozichezea kaida. Lakini tazama nani anayezichezea: ni yule aliyezisikia kwenye video ya dakika moja, bila mipaka yake. Aliyesomeshwa kaida ya uzito na mwalimu ameambiwa pia kwamba uzito unaoleta wepesi ni ule unaozidi uzito wa kawaida wa ibada yenyewe. Kuamka alfajiri ni sehemu ya alfajiri, kama kiu ilivyo sehemu ya funga. Nani atamwambia mipaka hiyo ikiwa madrasa imenyamaza? Tukimwacha hajui, haendi kwa sheikh. Anaenda kwa anayempa jibu haraka.

Na mwenye kusoma namna hukumu zinavyojengwa mara nyingi anakuwa mnyenyekevu zaidi. Haytham ibn Jamil alisimulia kwamba alimshuhudia Imam Malik akiulizwa maswali 48, akajibu 32 kati ya hayo: sijui. Imam Shafii alikuwa na rai zake za Iraq, alipohamia Misri akazipitia upya nyingi, hadi leo katika vitabu vya madhehebu tunasoma "kauli ya kale" na "kauli mpya". Mwanafunzi akijua hilo hatamtukana sheikh aliyekhitilafiana na sheikh wake.

Mama Wanne

Assalaam alaykum. Huwa nasoma tu, leo naandika kwa sababu mmetaja kisukari.

Binti yangu ana miaka kumi na tatu, ana kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa mdogo. Anachoma insulini kila siku. Ramadhani iliyopita mwalimu wake aliwauliza darasani nani amefunga, asiyefunga asimame. Binti yangu alisimama. Akaambiwa mbele ya wenzake kwamba kubaleghe ameshabaleghe na sindano haifunguzi, kwa hiyo hana udhuru, ni uvivu. Alirudi nyumbani hakuniambia kitu. Siku ya pili yake akafunga kimyakimya na sindano akaipunguza mwenyewe ili "asiharibu". Jioni nilimkuta hajitambui vizuri, anatetemeka, jasho linamtoka. Alhamdulillahi tulimuwahi.

Mwalimu yule hakukusudia ubaya, naamini hivyo. Lakini nikisoma kisa cha yule aliyepasuka kichwa, mwili unanisisimka. Naomba mnieleze vizuri, hukumu yake ni ipi hasa?

Tabibu Msaidizi

Dada yangu, pole sana, na Allah amlinde binti.

Kwa upande wa tiba: Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na muungano wa DAR unaoshughulikia kisukari na Ramadhani wametoa mwongozo, mwaka 2016 kisha 2021, ambao una mchango wa wanazuoni. Wagonjwa wanapangwa kwa kiwango cha hatari. Mwenye aina ya kwanza kwa kawaida anahesabiwa katika hatari kubwa, ndiyo maana uamuzi wa kufunga unapaswa kufanywa na daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kamwe si darasani asubuhi. Na hata aliyeruhusiwa kufunga anaambiwa afungue mara moja sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita (milimoli 3.9 kwa lita), au ikipanda juu ya 300, au akijisikia vibaya. Kujitoboa kidole kupima hakufunguzi, apime mara nyingi iwezekanavyo. Kupunguza insulini bila kuelekezwa ni hatari, tafadhali mweleze hilo kwa upole lakini kwa uwazi.

Kalamu ya Mwanzi

Mama Wanne, shukran kwa kutuamini na jambo hili.

Nitakueleza jinsi ninavyolifahamu, na jibu la binti mwenyewe ulichukue kwa mwanachuoni mtakayemwendea pamoja na karatasi za daktari.

Kuna maswali mawili hapa na mwalimu aliyachanganya. La kwanza: sindano inafunguza? Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu (baraza la wanazuoni), katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1997, iliketi na madaktari na kutoa azimio kwamba sindano za matibabu, za chini ya ngozi, za msuli na za mshipa, hazifunguzi, isipokuwa zile za lishe. Hali kadhalika matone ya macho na masikio, na kidonge cha moyo kinachowekwa chini ya ulimi, ikiwa mtu hamezi kinachofika kooni. Kipulizi cha pumu waliahirisha kukitolea uamuzi hadi uchunguzi zaidi. Hilo nalo ni somo: wanazuoni wakubwa wamekutana, wana wataalamu mezani, na bado wakasema hili bado. Kwa hiyo mwalimu alikuwa sahihi kwamba insulini haifunguzi.

Swali la pili ni: mtoto huyu anawajibika kufunga? Hili haliamuliwi na sindano. Linaamuliwa na hali yake. Al-Baqara aya 185 inasema aliye mgonjwa au safarini atimize hesabu katika siku nyingine, na katika aya hiyohiyo: Mwenyezi Mungu anakutakieni yaliyo mepesi wala hakutakieni yaliyo mazito. Ambaye ugonjwa wake haumwachi, hata siku nyingine haziwezi, wanazuoni wengi wanamwelekeza kwenye fidia ya kulisha masikini kwa kila siku. Na ikiwa daktari mwaminifu amesema funga itamdhuru, basi kufungua kwake ni kumtii Mola, na hapo ndipo aya ya Amr inaporudi: wala msijiue.

Mwalimu alikuwa na jibu sahihi la swali ambalo halikuwa swali la mtoto. Wale wasafiri wa hadithi ya Jabir walifanya hivyohivyo na aya ya maji. Kama mwalimu angezoeshwa kuuliza "hali yako ikoje, daktari amesemaje" kabla ya kutamka hukumu, binti angerudi nyumbani salama. Na kumsimamisha mtu aseme mbele ya watu kwa nini hakufunga, hilo hata pasipo ugonjwa si adabu ya dini. Katika darasa la wasichana wakubwa wapo wenye udhuru usiosemwa hadharani.

Kijana wa Safu ya Nyuma

Wakuu, mimi ni mmoja wa hao mnaowasema. Naiuliza akili mnemba kila kitu. Inajibu saa yoyote, hainigombezi, na inaleta hadithi na namba zake. Kwa mashekhe naona aibu kuuliza mambo mengine. Kosa liko wapi?

Kalamu ya Mwanzi

Ndugu yangu, sitakugombeza mimi pia. Umesema neno ambalo walimu tunapaswa kulisikia: hainigombezi. Hiyo ndiyo sababu umeenda kule.

Ila hizo namba zikague moja moja. Programu hizi zinaweza kukutungia hadithi yenye maneno mazuri, jina la kitabu na namba, na ukifungua kitabu haimo. Haisemi uongo kwa kukusudia, inapanga maneno yanayofanana na ukweli. Abdullah ibn al-Mubarak alisema isnadi (mlolongo wa wapokezi wa habari) ni katika dini, na lau si isnadi angesema mwenye kutaka atakalo. Imam Muslim ameyaweka maneno hayo katika utangulizi wa Sahihi yake. Umma huu ulikuwa ukimuuliza mpokezi: umesikia kwa nani, lini, mlikutana wapi? Swali hilohilo liulize kwenye kioo cha simu. Ikikupa hadithi, nenda kwenye kitabu. Ikikupa kauli ya imamu, itafute ilipoandikwa. Ukikosa, iache.

Kingine ni kwamba haikuoni. Ungeandika "nina janaba na maji yapo, nitayamamu?" bila kutaja kichwa chako, ungepata jibu lilelile walilotoa wale wasafiri. Mufti mzuri anakuuliza maswali kabla hajakujibu. Kwa mambo ya aibu, mwandikie mwanachuoni ujumbe bila jina. Wapo wengi wanaopokea, na wake kwa waume.

Mfuatiliaji

Mleta uzi, mawili ya haraka. Zaka ya pesa zilizo kwenye simu na benki, nisabu (kiwango cha chini kinachowajibisha zaka) tufuate dhahabu au fedha? Na ndoa kwa njia ya video inaswihi? Mwandamo wa mwezi naogopa hata kuutaja.

Kalamu ya Mwanzi

Mwandamo una nyuzi zake humu, tuuache. Nitasema tu kwamba anayedhani ikhtilafu ile imeletwa na darubini asome hadithi ya Kurayb katika Sahih Muslim: watu wa Sham waliuona mwezi usiku wa Ijumaa, Madina wakauona usiku wa Jumamosi, na Ibn Abbas hakuifuata Sham.

Zaka: nisabu ya dhahabu ni dinari 20, kwa hesabu ya wengi gramu 85. Ya fedha ni dirhamu 200, gramu 595. Zama za Mtume thamani zake zilikaribiana. Leo fedha imeshuka sana mbele ya dhahabu, kwa hiyo mwenye akiba ndogo anakuwa mtoaji kwa kipimo kimoja na hafiki kwa kingine. Wanaochagua fedha wanatazama faida ya masikini, wanaochagua dhahabu wanatazama maana ya utajiri ambao zaka imewekewa. Wote wana hoja, na ukijua hoja zao hutamwona mwenzako amepotoka. Ama pesa yenyewe, iwe ya karatasi au tarakimu kwenye akaunti, majmaa za fiqhi tangu miaka ya 1980 zimeamua kwamba ni thamani kamili inayojitegemea, inatolewa zaka asilimia 2.5 ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, na riba inaingia humo.

Ndoa: mwaka 1990 Majmaa ilitoa azimio kuhusu mikataba kwa vyombo vya mawasiliano. Biashara kwa simu na maandishi ikaruhusiwa, ndoa ikatolewa nje kwa sababu ya sharti la mashahidi. Wapo wanazuoni wa baada yao wanaoona video inayoonesha na kusikika wazi imeondoa ile hofu. Wengine wamebaki na azimio. Njia isiyo na mzozo ni wakala: aliye mbali amwakilishe mtu, na akidi (mkataba wa ndoa) ifungwe mahali pamoja mbele ya walii na mashahidi. Hilo fiqhi imelijua tangu zamani.

Ustadh wa Alasiri

Nimerudi. Nimesoma aliyoandika Mama Wanne zaidi ya mara moja. Dada yangu, kwa niaba ya sisi tunaosomesha, tuwieni radhi.

Mkuu, bado nashikilia kwamba msingi kwanza. Ila nakubali kwamba wanafunzi wakubwa tunawaacha njiani. Wacha niseme vikwazo vilivyopo, msituone wakaidi. Wengi wetu tulisomeshwa hivihivi, usuli (elimu ya namna hukumu zinavyotolewa kwenye dalili) tuliuona kwenye majalada tu. Darasa lina watoto wa kila umri kwa wakati mmoja, muda ni mfupi baada ya shule, na mzazi akija anauliza swali moja: mtoto amefika juzuu ya ngapi? Sijawahi kumwona aliyeuliza mwanawe ameelewa nini. Na mwalimu akisema "sijui" mbele ya wanafunzi, kesho kuna mzazi anamhamisha mtoto.

Nataka kuanza na wale wakubwa, kipindi kimoja kwa wiki. Nianzie wapi ili nisiwachanganye?

Kalamu ya Mwanzi

Ustadh, umetaja kitu ambacho mimi sikukiandika kabisa: sisi wazazi ndio tunaowapima walimu kwa juzuu. Hilo linatuhusu, tulibebe.

Anza na tayamamu. Hukumu yake wanaijua, aya zake ni mbili tu, na visa viwili viko tayari. Wasomee aya ya tayamamu ya An-Nisaa, kisha wasimulie cha yule mwenye jeraha bila kuwapa mwisho wake, uwaulize: ungekuwa wewe, ungemjibu nini? Waache wajibu, wengi watasema aoge. Kisha wamalizie kisa. Usiwaambie kaida kwanza, waipate wenyewe halafu uwape jina lake. Kipindi kinachofuata mlete Amr, waulize kwa nini aya isiyotaja maji imeingia kwenye maji. Cha tatu walete wao maswali ya nyumbani kwao, unayoyajua uyajibu, usiyoyajua uyaandike ubaoni na wote mkamuulize mwenye kujua. Likibaki ubaoni wiki nzima, libaki.

Mama Wanne

Ustadh, ukifika kwenye funga na ugonjwa, ukipenda nitakuandikia kinachompata mtoto sukari inaposhuka, hatua kwa hatua, uwasomee. Binti amesema nisiandike jina lake, ila anataka kujua kama kwenye darasa lako na wasichana wanaruhusiwa kuuliza.

Ustadh wa Alasiri

Wanaruhusiwa, dada. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Niandikie, nitaisoma kama ulivyoiandika.